Kuweka SSD kwenye redio ya gari badala ya diski ngumu: hatua kwa hatua

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika: "Nimefungua redio ya gari, nimetoa diski ya zamani, nimeweka SSD mpya, sasa skrini imegoma kwenye nembo. SSD ni mbovu?" Si mbovu. Ni tupu. Ile diski uliyoitoa ilikuwa na ramani, muziki, mipangilio, na kwenye redio nyingi hata mfumo endeshi wenyewe. SSD uliyoichomeka (diski ya chipu, isiyozunguka) haina hata kimoja, na redio haina njia ya kuijaza yenyewe.

Kwa hiyo shika hili kabla ya kugusa bisibisi: kazi hapa ni kunakili. Kufungua dashibodi kunatisha, lakini ni klipu na skrubu tu. Wanaoharibu huharibia kwenye kompyuta.

Je, redio yako ina diski kweli?

Redio zenye diski ngumu zilienea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 (Pioneer ilikuwa ikiuza navigesheni yenye diski tangu 2001) hadi katikati ya miaka ya 2010. Baadaye watengenezaji wengi walihamia kwenye chipu za kumbukumbu zilizolehemewa kwenye bodi, na hapo hakuna cha kuchomoa. Kwa mfano, kati ya mifumo ya redio za magari, MyGIG ya Chrysler ilianza na diski ya GB 20, CIC ya BMW ina GB 80, na NBT iliyoifuata ina GB 200. Kama menyu yako ina neno HDD (yaani diski ngumu), au redio inaweza kunakili CD na kuzihifadhi ndani, diski ipo.

Usitarajie miujiza. Diski nyingi za magari huzunguka mara 4,200 kwa dakika, na kila redio inapotafuta kitu, mkono wa diski lazima usafiri hadi mahali kilipo. SSD haina mkono wala mzunguko, ndiyo maana ramani na orodha za nyimbo hufunguka haraka zaidi. Lakini prosesa ya redio ni ile ile ya zamani. Kama inachelewa kwa sababu prosesa imechoka, SSD haitaisaidia. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba unaondoa kifaa cha kuzunguka ambacho kimetikiswa barabarani kwa miaka zaidi ya kumi na ambacho siku moja kitakufa bila kuaga.

Vitu vya kuandaa

SSD yenyewe. Iwe na ukubwa sawa na diski ya zamani au zaidi. Diski ya GB 80 haiingii kwenye SSD ya GB 64, hata kama robo tatu ya diski haina kitu, kwa sababu tutanakili sekta zote (vipande vidogo vya diski), zilizotumika na zisizotumika. Angalia pia joto. SSD za kawaida za kompyuta hutengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 70 za Selsiasi, na nyuma ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda vibaya. Ukipata SSD ya daraja la viwandani, inayovumilia kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu, chukua hiyo. Hapa si mahali pa kubana matumizi.

Adapta, kama diski yako ni ya IDE (muunganisho wa zamani wa diski). Redio za zamani hutumia diski ya inchi 2.5 yenye pini 44, si SATA, ule muunganisho uliokuja baadaye. Utahitaji adapta ya kutoka pini 44 kwenda mSATA au M.2 (maumbo madogo ya SSD). Chonde chonde kwenye M.2: lazima iwe M.2 ya aina ya SATA. M.2 ya NVMe inafanana nayo kwa sura lakini haitafanya kazi kwenye adapta hizi. Wengine hutumia kadi ya CompactFlash, kwa kuwa nayo huongea lugha ya IDE. Huwa inafanya kazi, ila baadhi ya redio huiona kama kifaa cha kuchomeka na kuchomoa, zikaikataa.

Adapta ya USB ya kuunganisha diski na kompyuta, yenye umeme wake wa pembeni. Diski ya zamani inapoanza kuzunguka hula umeme mwingi kuliko baadhi ya tundu za USB zinavyoweza kutoa, na matokeo yake ni diski inayotoa sauti ya tik tik ukadhani imekufa.

Kompyuta yenye Linux. Si lazima uisakinishe. Kuiwasha kutoka kwenye flashi kunatosha. Iwe na nafasi angalau mara mbili ya ukubwa wa diski. Utahitaji pia programu za ddrescue ya kunakili diski (kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kinaitwa gddrescue) na hdparm ya kuiuliza diski hali yake.

Vifaa vya mkono: bisibisi za Torx, bisibisi ndogo ya nyota, vijiti vya plastiki vya kufungulia dashibodi, kamba ya mkononi ya kuzuia umeme tuli, sahani ya kuwekea skrubu, na simu ya kupigia picha. Tena picha nyingi.

Mwisho, namba ya siri ya redio, kama gari lako huiuliza baada ya betri kuchomolewa. Itafute leo. Kuna watu walimaliza kila kitu vizuri, kisha wakakaa wiki nzima na redio iliyofungwa.

Hatua

1. Andika hali ya sasa. Washa redio, piga picha ya toleo la programu na toleo la ramani, orodha ya simu zilizounganishwa, na mipangilio unayoipenda. Kama redio ina njia ya kuhifadhi nyimbo au anwani kwenye USB, itumie sasa.

2. Zima gari, toa ufunguo, subiri. Mifumo mingi ya gari hubaki macho dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Kisha chomoa betri ukianza na upande hasi. Ngoja angalau dakika kumi kabla ya kugusa kitu karibu na mifuko ya hewa, na kama kitabu cha gari lako kinataja muda mrefu zaidi, fuata kitabu.

3. Toa redio. Kila gari lina njia yake, kwa hiyo tafuta maelekezo ya modeli yako hasa. Kwenye magari mengine skrini iko katikati lakini kisanduku chenye diski kiko ndani ya droo ya mbele ya abiria, au hata kwenye buti. Klipu ikigoma, usiongeze nguvu: mara nyingi kuna skrubu uliyoisahau. Ukikuta kebo nyembamba ya mwanga inayoingia kwenye plagi yake pekee, usiikunje kwa kona kali wala usiguse ncha yake kwa kidole. Ifunike ncha isiingie vumbi.

4. Fungua kisanduku na utoe diski. Mara nyingi diski imefungwa kwenye fremu yenye mipira ya kupunguza mtikisiko, na imeunganishwa kwa kebo bapa kama utepe. Soketi ya utepe huo huwa na kifungio kidogo cha kuinua au kuvuta. Kifungue kwanza. Ukivuta utepe kwa nguvu, utakata nyuzi ambazo huwezi kuzilehemu tena. Piga picha ya upande utepe ulivyoelekea.

5. Soma lebo ya diski. Nakili modeli, ukubwa, na idadi ya sekta kama imeandikwa. Angalia pini. Mistari miwili ya pini nyembamba ni IDE. Vipande viwili bapa vya plastiki vyenye mistari ya shaba ni SATA.

Kwa IDE, simama hapa kidogo. Pembeni mwa zile pini 44 kuna pini nne nyingine zilizojitenga, ambazo ni za jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili). Kosa la kawaida kabisa ni kuchomeka adapta ikiwa imesogea kwa safu moja, au imegeuzwa juu chini. Umeme wa volti 5 hupita kwenye pini hizo hizo 44, kwa hiyo kosa hilo halikupi ujumbe wa hitilafu, linakupa harufu. Pini namba 1 kwa namba 1. Hesabu, kisha hesabu tena.

6. Unganisha diski na kompyuta, bila kuandika chochote juu yake. Kama unatumia Windows na ikakuambia diski haisomeki, je ungependa kuifomati, jibu ni hapana. Redio nyingi hutumia QNX au mifumo mingine ambayo Windows haiijui. Kutoijua hakumaanishi diski imeharibika. Ndiyo sababu nasisitiza Linux. Zima kwanza ufunguaji wa diski wa moja kwa moja, kisha andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Tafuta diski ya gari kwa ukubwa na modeli. Tuseme ni sdb. Ifunge isiandikwe, halafu iulize hali yake:

sudo blockdev --setro /dev/sdb
sudo hdparm -I /dev/sdb

Shuka hadi sehemu ya Security. Ukiona "not locked", endelea. Ukiona "locked" pekee, diski ina nenosiri ambalo redio hulituma kila inapowaka, na hutasoma hata sekta moja kwa njia ya kawaida. Diski za navigesheni nyingi ziko hivyo. Haimaanishi imekufa. Na hapa ndipo watu hupata ushauri wa hatari: wanaambiwa watumie amri ya kufuta kwa usalama ili "kuondoa kufuli". Amri hiyo huondoa kufuli kweli, pamoja na kila kitu kilichomo. Diski iliyofungwa irudishe kwenye redio kama ilivyo, umtafute fundi anayeijua modeli hiyo. Neno "frozen" lisikutishe, halizuii kusoma.

7. Nakili diski kuwa faili. Si moja kwa moja kwenda kwenye SSD. Niliwahi kunakili diski kwa diski nikiwa na haraka, nikageuza majina mawili, na SSD tupu ikaandikwa juu ya ramani za mtu. Dakika mbili zilitosha. Tangu siku hiyo napitia kwenye faili, kila mara.

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb gari.img gari.map

Amri hii huchukua kwanza sehemu zote nzima bila kung'ang'ana na sekta mbovu. Ikimaliza, rudi kwa zile ngumu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb gari.img gari.map

Lile faili la gari.map ni kumbukumbu ya kazi. Umeme ukikatika, amri ile ile itaendelea pale ilipoishia, mradi usilifute. Diski nzima ya GB 80 inaweza kuchukua kama saa moja; diski inayougua inaweza kuchukua usiku kucha. Iache. Ipulizie feni kama inapata joto sana. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza upuuze, maana unyevu utakaoganda ndani utammaliza mgonjwa.

8. Hifadhi nakala ya pili ya gari.img mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo. Ukishafanya hivyo, chomoa diski ya zamani na uiweke pembeni. Kuanzia sasa haihitajiki kwenye meza, na kitu ambacho hakiko mezani hakiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.

9. Andika faili kwenye SSD. Unganisha SSD peke yake, tazama lsblk upya, kwa kuwa majina hubadilika. Tuseme sasa ni sdc:

sudo dd if=gari.img of=/dev/sdc bs=4M conv=fsync status=progress

"if" ni inakotoka, "of" ni inakokwenda. Ukikosea herufi moja ya mwisho, utaandika juu ya diski ya kompyuta yako, na dd haiulizi mara mbili.

10. Linganisha. Hatua hii hurukwa na wengi, nami siiruki:

sudo cmp -n $(stat -c %s gari.img) gari.img /dev/sdc

Isiposema kitu, vinafanana. Ikitaja tofauti, badilisha kebo au adapta ya USB, uandike upya.

Nafasi itakayobaki mwishoni mwa SSD iache ilivyo. Usinyooshe patisheni (migawanyo ya diski) ili zijaze. Redio haitatumia nafasi hiyo, na huenda ikashindwa kuwaka. Isitoshe, nafasi hiyo tupu huisaidia SSD kugawanya uchakavu, kwa kuwa mifumo ya zamani haijui kuiambia SSD ni sehemu zipi zimefutwa.

11. Funga SSD kwenye fremu. Kama ni adapta ya mSATA au M.2, weka jampa yake kama ilivyokuwa kwenye diski ya zamani (mara nyingi "master"), na uzibe sehemu za chini zenye lehemu kwa mkanda unaohimili joto ili zisiguse chuma. SSD nyingi za SATA zina unene wa milimita 7 ilhali diski ya zamani ni 9.5, tumia kipande cha kujazia kama inacheza. Mipira ya mtikisiko ibaki. SSD haiihitaji, lakini fremu imepimwa nayo.

12. Jaribu kabla ya kufunga dashibodi. Rudisha plagi zote, zikiwemo za mifuko ya hewa kama ulizigusa, ndipo urudishe betri, upande chanya kwanza. Washa. Mara ya kwanza inaweza kuchukua muda kuliko kawaida. Fungua ramani, tafuta anwani, cheza wimbo uliohifadhiwa, zima gari, subiri redio ilale, washa tena. Fanya hivyo mara tatu. Ndipo ufunge klipu.

Ikigoma

Redio inasema hakuna diski. Utepe haujaingia sawasawa au kifungio chake kiko wazi. Hiyo ni sababu ya kwanza karibu kila mara. Inayofuata ni jampa ya adapta. Kama ni SATA na vyote viko sawa, jaribu SSD ya aina nyingine: SSD za sasa zinapaswa kushuka hadi kasi ya SATA ya kwanza, lakini si kila kontrola ya zamani huelewana na kila SSD.

Inaanza, inafika kwenye nembo, inajizima na kuanza tena. Rudia hatua ya 10. Kama SSD inafanana na faili, angalia gari.map uone kama kulikuwa na sekta zilizoshindikana. Huenda zimeangukia kwenye mfumo wenyewe, na utahitaji kusakinisha upya programu ya redio kutoka kwenye chanzo rasmi cha modeli hiyo.

Nakala ni sahihi kabisa lakini redio bado inaikataa. Baadhi ya redio hukagua ukubwa wa diski. Unaweza kuifanya SSD ijitangaze kuwa ndogo, kwa kutumia idadi ya sekta za diski ya zamani. Kwa diski ya GB 80 yenye sekta 156,301,488:

sudo hdparm --yes-i-know-what-i-am-doing -Np156301488 /dev/sdc

Fanya hivi SSD ikiwa kwenye SATA ya kompyuta moja kwa moja, kwani adapta nyingi za USB hazipitishi amri hii. Si kila SSD huikubali pia. Redio nyingine hukagua namba ya utambulisho ya diski yenyewe, na kwa hizo nakala pekee haitoshi.

Inafanya kazi asubuhi, mchana inagoma. Joto. Ulinunua SSD ya kawaida.

Kila kitu kinaonekana, sauti hakuna. Kebo ya mwanga. Haijazama, imekunjwa, au ncha imechafuka. Kwenye magari yanayoitumia kama mzunguko, kifaa kimoja kikitengana vyote hunyamaza.

Wimbo fulani au eneo fulani la ramani hugandisha redio. Sehemu hiyo ilikuwa imeharibika tangu kwenye diski ya zamani, nawe umenakili uharibifu wake kwa uaminifu. Futa wimbo huo, au sakinisha ramani upya.

Saa imerudi nyuma na stesheni zimepotea: hilo ni la betri, halihusiani na SSD.

Diski ya zamani itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, andika juu yake gari na tarehe, na uitunze pamoja na gari.img kwa miezi kadhaa. Ukiamua kuigawa baadaye, ifute yote kwanza. Ina namba za simu za watu wako wote, na ina anwani uliyoiita "nyumbani".